Mwenyekiti Aliyebaki Ng'ambo ya Mpaka

Jina lake silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, maana kijijini kwetu lilikwisha kazi siku alipochaguliwa. Kuanzia hapo akawa Mwenyekiti. Watoto walimwita Mwenyekiti, mchungaji alimwita Mwenyekiti, na mkewe alimwita Mwenyekiti hata alipokuwa anamfokea akatoe mbuzi kwenye maharage. Nilimuuliza mama yule siku moja kama hata wakiwa wawili tu anamwita hivyo. Akanijibu, "Sasa nimwiteje? Ukimwita jina lake hageuki."

Alikipenda cheo chake, tusidanganyane. Wapo viongozi wanaosema uongozi ni mzigo, ni msalaba, wao wamelazimishwa na wananchi. Yeye hakuwa mnafiki wa namna hiyo. Alipenda uenyekiti kama sisi wengine tunavyopenda senene, na alikuwa tayari kusema hivyo mbele ya watu. "Mimi nikiitwa kutatua ugomvi nafurahi," alisema. "Msipogombana wiki mbili naanza kuumwa." Na kweli, kijiji kikitulia sana ungemwona anapita barabarani taratibu, anachungulia vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba, kama mganga anayetafuta wagonjwa.

Mikutano yake ilikuwa na saa ya ajabu, na saa hiyo ilikuwa sufuria. Jirani na ofisi ya kijiji kulikuwa na mama wa chai. Kabla ya kufungua mkutano, Mwenyekiti alitoka nje na kumwambia neno moja tu: "Injika." Mama wa chai aliinjika ndizi, na zikiiva alipaza sauti, "Zimeivaaa!" Hapo mkutano umekwisha, hata kama diwani amesimama katikati ya sentensi. Ajenda iliyobaki ilingoja mwezi mwingine. Wageni kutoka wilayani walikasirika mwanzoni, halafu wakionja zile ndizi wanaanza kuuliza mkutano ujao ni lini.

Uzito wa mkutano tuliujua kwa kilichomo sufuriani. Mambo ya usafi wa vyoo, ndizi tupu. Mambo ya michango ya shule, ndizi na maharage mabichi. Ukisikia ameagiza maharage makavu, basi ujue leo kuna kazi, mwite na mumeo. Na watu walikuja! Vijiji vingine vilikuwa vinaahirisha mikutano kwa kukosa akidi, sisi tulikuwa tunakosa mahali pa kukaa. Mtendaji wetu, kijana wa Muleba aliyekuja na vitabu vyake vya utawala bora, alijaribu kumweleza kwamba kanuni hazitaji sufuria. Mwenyekiti akamuuliza kama kanuni zinakataza. Yule kijana akapekua kurasa hadi ndizi zikaiva.

Mimi nilimfahamu tangu nikiwa mtoto kwa sababu kibanja chake kilipakana na cha baba yangu. Nilipokuwa mkubwa nikaingia halmashauri ya kijiji kwa zile nafasi za akina mama, na kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, kila kamati ikiundwa ninapewa kalamu. Mwenyekiti akaniita Katibu, ingawa katibu halali ni Mtendaji. Alinitesa na ile kalamu, acheni tu. Alikuwa anataka muhtasari uandike kila kitu, hata aliyekohoa. "Andika kwamba wajumbe wamecheka," aliniambia. "Siku moja watasema hatukuwa na furaha hapa."

Kuna tabia yake moja iliyowachosha watu kuliko zote. Ukimpelekea barua aisaini, aliisoma yote kwa sauti, mbele yako na mbele ya kila aliyekuwepo. Umeomba utambulisho wa kumpeleka mtoto chuo, kijiji kizima kinajua. Umeandika kwamba mumeo amehamia Kaisho kwa mke mwingine, basi, mama wa chai analisikia hilo kabla hajakoroga sukari. Nilimkaripia. Nikamwambia, "Mwenyekiti, waitu, nakuomba, mambo ya watu hayo, yasome kimoyomoyo." Akaniambia barua isiyoweza kusomwa kwa sauti asiletewe yeye.

Lakini tabia hiyo hakuzaliwa nayo, na chanzo chake ndicho kilicholeta yote ninayotaka kusimulia.

Kijiji chetu wakati huo kilikuwa kirefu kama mkia. Upande mmoja sisi, karibu na barabara inayokwenda Nyabiyonza. Upande wa pili, baada ya kijito na mlima, kitongoji tulichokiita Ng'ambo. Watu wa Ng'ambo walikuwa na kahawa nzuri na midomo mikali, na mkali kuliko wote alikuwa mshona nguo mmoja, mama mjane, aliyeitwa na kila mtu Fundi. Kupata saini ya Mwenyekiti walitembea tangu alfajiri. Kijito kikifurika walikaa kwao na shida zao.

Fundi akachoka. Akaandika barua ya malalamiko kwenda wilayani, Kayanga: kwamba Mwenyekiti huyu hajakanyaga Ng'ambo tangu aombe kura, kwamba mvua zote zimeanza na kuisha bila kumwona, kwamba yeye na ndizi zake wanajua upande mmoja tu wa kijiji. Sasa, sisi huku barua kwa wakubwa haiendi hivi hivi. Lazima ipite kwa ngazi. Kwa hiyo Fundi, mtu wa utaratibu, akaandika juu kabisa: "Kupitia kwa Mwenyekiti wa Kijiji." Akaibeba, akavuka kijito, akampelekea mshtakiwa mwenyewe aipitishe.

Na Mwenyekiti akaipitisha! Siku hiyo miwani alikuwa ameisahau nyumbani, watu ni wengi, ndizi zinakaribia kuiva. Akauliza, "Hii inahusu nini?" Fundi akajibu bila kupepesa, "Maendeleo ya Ng'ambo." Akasaini kwa madaha yake yote na kuongeza kwa mkono wake, "Naunga mkono."

Baada ya wiki kadhaa akaitwa Kayanga. Aliyeyaona ni Mtendaji, ambaye hadi leo akisimulia anashika mbavu. Afisa aliweka barua mezani akauliza, "Saini hii ya nani?" Mwenyekiti akasema, "Yangu." Afisa akauliza, "Uliisoma?" Mwenyekiti akavaa miwani, akasema, "Ndiyo naisoma sasa hivi." Akaisoma kwa sauti kuanzia tarehe hadi jina la Fundi, pale pale, bila kuruka hata sehemu inayosema yeye ni mzigo wa kuni mbichi. Alipomaliza akaikunja vizuri. Akasema, "Mzee, huyu mama anasema kweli tupu."

"Sasa tufanyeje?" afisa akauliza.

"Mpeni kijiji chake."

Hivyo ndivyo pendekezo la kukigawa kijiji lilivyoanza. Wengi mnafikiri mambo kama hayo huanzia kwa wataalamu.

Alirudi na moto wa mtu aliyeokoka, na tangu hapo hakusaini barua kabla ya kuisoma kwa sauti. Yeye ambaye hakuwa anavuka kijito, akaanza kukivuka kila wiki kwa mabuti ya mvua. Akajifunza kila kipengele: kwamba Ng'ambo wakiwa kijiji watakuwa na mkutano mkuu wao, halmashauri yao, sheria ndogo zao, mamlaka ya kugawa ardhi yao wenyewe, na zaidi ya yote watakuwa na haki ya kudai zahanati, maana zahanati huhesabiwa kwa kijiji, kitongoji hakihesabiwi. Hilo la zahanati lilinigusa mimi binafsi. Dada yangu ameolewa Ng'ambo. Mtoto wake wa pili alimzalia njiani, kando ya kijito, akisaidiwa na mwanamke aliyekuwa anatoka kuchota maji. Wanacheka wakisimulia sasa. Mimi sicheki.

Siku ya mkutano mkuu wa kuamua, Mwenyekiti aliagiza maharage makavu, tena yasiyolowekwa. Watu wakatazamana wakajua leo hatutoki. Upande wetu walipinga kwelikweli. Mzee mmoja alisimama akasema nyasi zote za rweya, ule uwanda wa wazi, zile za kutandaza kwenye migomba, ziko upande wa kule, tukiwapa kijiji watatukataza kukata. Mwingine akasema mamlaka yakigawanywa yanapungua, Mwenyekiti mwenyewe atabaki na nusu ya watu wa kumwamkia.

Watu walicheka. Yeye hakucheka, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Nani hapa hana kibanja?" akauliza. Hakuna aliyeinua mkono. "Basi ninyi nyote mnajua. Mgomba ukiuachia machipukizi yote yasongamane pale pale, utapata mkungu wa kulisha kuku. Chipukizi zuri unaling'oa na kulipanda mahali pake. Hulionei wivu." Akageukia suala la nyasi, akamtaka Fundi atamke mbele ya wote kwamba rweya itabaki ya kukatwa na pande zote mbili. Fundi akatamka, na mimi nikaandika, pamoja na waliokohoa. Kura zikapigwa kwa mikono, pendekezo likapita, na maharage yalikuwa bado magumu.

Baada ya hapo kukawa na safari ya karatasi: kata, wilaya, mkoa, na huko juu zaidi. Karatasi ilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu ya mhuri, mara ya pili kwa sababu ya ramani. Kila ikirudi, Mwenyekiti alikunja suruali akaanza upya. Hadi mwishowe wakatuletea afisa kijana mwenye kifaa cha kupimia, apite na kamati ya mipaka, aweke alama, akaandike. Akatuonya mapema: mpaka ukiingia kwenye faili, pingamizi lolote linalirudisha faili chini kabisa, tuanze moja.

Tulitembea tangu kijitoni. Afisa, wazee wawili wa Ng'ambo, Fundi, Mwenyekiti, na mimi na kalamu yangu. Tulikubaliana kufuata mpaka wa zamani wa vitongoji, ambao unaacha kijito na kuingia upande wetu hadi barabarani, na huku kwetu mpaka unajulikana kwa omuramura, ule mti mwembamba wa majani marefu ambao watu hupanda mstari baina ya vibanja. Hauoti kwa bahati mbaya. Ukiuona umepangwa, kuna watu walisimama hapo wakakubaliana.

Tulipofika karibu na kwetu, Mwenyekiti alikuwa amebaki nyuma, anapumua. Afisa akaona safu nzuri ya omuramura, imenyooka, imeshonana, inapanda hadi barabarani. Akauliza, "Huu ndio?" Wazee wa Ng'ambo wakasema ndiyo. Fundi akasema ndiyo. Nani atakataa omuramura? Afisa akabonyeza kifaa chake.

Kalamu yangu ikasimama. Ile safu haikuwa mpaka wa kitongoji. Mpaka wenyewe ulikuwa mbele zaidi, upande wa pili wa kibanja cha Mwenyekiti, kwenye mfereji wa zamani ambao migomba imeufunika. Safu ile waliipanda baba yangu na Mwenyekiti, zamani, walipogombana kwa ng'ombe aliyeingia kwenye maharage, wakanyimana salamu msimu mzima, halafu wazee wakawapatanisha. Huku watu wakipatana hupanda omuramura, wawili hao hao, kwa mikono yao. Mimi nilikuwa mtoto, ndiye niliyebeba maji ya kumwagilia. Baba ameshakufa. Kwa hiyo waliobaki wanaojua tulikuwa wawili.

Wakifuata safu ile, sisi tunabaki kijiji cha zamani, na nyumba ya Mwenyekiti inakwenda Ng'ambo. Na mwenyekiti wa kijiji lazima awe mkazi wa kijiji hicho. Yaani kwa kubonyeza kitufe kimoja, mtu huyu aliyependa uenyekiti kuliko chakula alikuwa ameupoteza.

Akatufikia. Wakamwambia tumefuata omuramura. Akaitazama ile miti kutoka chini mpaka juu barabarani. Akasema, "Haya, twendeni, mvua inakuja." Nikajisemea hajaelewa, amechoka, ni mzee. Ningeweza kusema. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamfikiria dada yangu, nikafikiria faili kushuka tena chini kabisa, na kusema kweli nikafikiria pia miguu yangu, maana nilikuwa nimechoka vibaya. Nikaandika: "Mpaka unafuata safu ya omuramura hadi barabarani." Mvua yenyewe haikunyesha.

Ramani ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, aliisoma kwa sauti kama kawaida yake. Mama wa chai ndiye aliyeshtuka kwanza. "Mwenyekiti! Mbona nyumba yako wameipeleka kwa Fundi?" Kijiji kikawaka. Watu walimbembeleza aweke pingamizi, siku za pingamizi zilikuwa bado hazijaisha. Wengine walijitolea kwenda Kayanga kwa miguu. Mkewe alinijia akanikamata mkono, akaniuliza mimi niliyeandika, kwa nini niliandika hivyo. Nikamjibu niliandika walichosema wajumbe. Jibu la kikatibu. Nililionea aibu kabla sijafunga mdomo.

Yeye alitania tu. Alisema ni mtu wa kwanza katika kata nzima kuhamishwa kijiji akiwa amekaa kitandani. Siku za pingamizi zikapita, kijiji kikagawanywa.

Msije mkamfanya malaika sasa. Uchaguzi ulipokuja, alichukua fomu huko huko Ng'ambo! Mtu aliyekuwa amewaambia watu wote kwamba amepumzika. Alivaa koti, akazunguka na ahadi, akaenda kwenye kura za maoni akashindwa na Fundi, na kushindwa kwenyewe kulikuwa kwa aibu. Miezi kadhaa hakuonekana hata kanisani. Tulisikia anagombana na kuku wake.

Nilikuja kumwona mwaka huu. Dada yangu alikuwa anataka kuandikishiwa kipande cha shamba, wakahitaji ndugu wa kushuhudia, nikaenda. Ofisi ya kijiji kipya ni chumba cha matofali ya kuchoma. Nyuma yake wamechimba msingi wa zahanati, mawe yamepangwa, vijana wanachanganya udongo. Na kwenye benchi la nje, kwenye foleni, kakaa Mwenyekiti, karatasi mkononi, anangoja saini kama mtu yeyote.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Katibu. Ila taratibu, mwenyewe yumo ndani."

Nikakaa karibu naye. Tukaongea mambo ya kahawa, mambo ya mvua, mkewe hajambo. Lakini kile kitu kilikuwa kimenikaa kooni miaka yote, na nikijua siku nyingine huenda nikamkuta kaburini, nikakitoa pale pale bila kukipamba.

"Mzee, ile safu ya omuramura haikuwa mpaka. Ni yako na baba. Nilijua. Nilijua na nikaandika. Nimekunyang'anya uenyekiti wako kwa kalamu hii hii, na sijawahi kukuomba radhi."

Aliwatazama wale vijana wa msingi.

"Unadhani mti niliopanda mwenyewe siujui?" akasema.

Nikamgeukia.

"Nilipofika nikaona kalamu yako imesimama. Nikaona huyu mtoto wa rafiki yangu anataka kuniokoa. Nikaogopa. Ungesema neno moja tu, ningekubali, mwanangu. Nisingeweza kukataa. Ningesema ndiyo, mpaka uko kule, na hawa wangengoja tena. Ndiyo maana nikakuhimiza na mvua." Akakohoa kidogo. "Halafu siku niliposhindwa zile kura nilikulaani. Kwa jina. Nilisema, yule binti angesema neno moja tu. Mke wangu ni shahidi."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, mbele ya watu wa Ng'ambo na midomo yao. Naye akacheka, akanipiga begani kwa ile karatasi yake.

Mlango ukafunguliwa, Fundi akapaza sauti kutoka ndani, "Anayefuata!"

Zamu ilikuwa yake. Nilimshika mkono nimwinue, akajitoa, akaniashiria mlango.

"Tangulia wewe," akasema. "Wewe umetoka mbali. Mimi ni wa hapa."